Je, Wajua? Pikapu Tupu Ndiyo Huteleza Zaidi

Huko Rwamgasa, kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wilayani Geita ambayo kwenye nyaraka nyingine utaikuta imeandikwa Lwamgasa, pikapu moja huishi maisha mawili kwa siku. Asubuhi hutoka kwenye maduara, yaani mashimo ya uchimbaji, imesheheni viroba vya mawe, springi zimelala, inanguruma polepole kuelekea kwenye makarasha ya kusagia. Jioni hurudi tupu, nyuma inarukaruka, koleo na beseni vinagongana kwenye bodi. Mvua ikinyesha, watu huihofia ile safari ya kwanza kwa sababu ya uzito wake. Mimi, kadiri ninavyolipima jambo hili kwa hesabu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ya kuhofiwa zaidi ni ile ya pili.

Je, wajua kwamba pikapu tupu hulalia pua? Injini, gia boksi na kabini vyote viko mbele. Nyuma kuna bati na hewa. Chukua mfano wa pikapu inayosukumwa na matairi ya nyuma, yenye uzito wa kilo 1,800 bila mzigo. Kama kilo 1,050 hukaa juu ya matairi ya mbele, na 750 tu ndizo hukanyaga nyuma, kulekule nguvu ya kusukuma gari inakotoka. Udongo uliolowa sawasawa humpa dereva mshiko wa takribani robo ya uzito unaokanyaga tairi. Robo ya 750 haifiki 190. Kwa nguvu hiyo, pikapu haiwezi kupanda mwinuko unaozidi mita 10 kwa kila mita 100 za njia. Ikilazimishwa, matairi ya nyuma yatazunguka palepale na kujichimbia shimo.

Sasa iwekee tani moja ya mawe, uzito wote ukiangukia juu ya ekseli ya nyuma. Gari zima limefika kilo 2,800, lakini nyuma sasa zinakanyaga kilo 1,750, na robo yake ni zaidi ya 430. Pikapu ileile, kwenye tope lilelile, sasa inaweza kupanda mita 15 kwa kila 100. Tope zito hula sehemu ya nguvu hizo katika hali zote mbili, lakini tofauti haifutiki. Ndiyo maana dereva aliyepita kilima asubuhi na mzigo wake hukwama kwenye kilima hichohicho jioni akiwa mtupu, akateremka, akalizunguka gari mara mbili na asione kilichoharibika. Hakuna kilichoharibika. Amewaachia wenye karasha mshiko wake.

Springi nazo zina sehemu yao. Zile za nyuma za pikapu ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na mtengenezaji alizipima kwa ajili ya mzigo wa karibu tani moja. Bila mzigo huwa ngumu kama ubao. Tairi likigonga kijiwe halizami, linaruka, na tairi lililo hewani halishiki chochote, hata liwe jipya kutoka dukani. Kwenye kona yenye utelezi, nyuma hiyo nyepesi inayorukaruka ndiyo hutangulia kuserereka na kutaka kuipita mbele. Dereva mzoefu huachia mafuta taratibu, haigusi breki, na hugeuza usukani kuelekea kule nyuma ilikokimbilia mpaka gari linyooke. Mgeni hukanyaga breki kwa woga, na hapo gari huzunguka kama pia.

Kuna dawa rahisi, na baadhi ya madereva wanaijua: rudi na viroba vitatu au vinne vya mchanga. Kilo 150 au 200 zilizolazwa juu ya ekseli ya nyuma, zikafungwa kwa kamba zisihame, hupunguza kurukaruka na kuongeza mshiko kidogo pale panapohitajika. Ziwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Ukizirundika kwenye mlango wa nyuma kabisa, nje ya ekseli, unafanya gari liwe kama pembea: nyuma inakaa, pua inanyanyuka, na usukani unakuwa mwepesi mkononi kana kwamba matairi ya mbele hayapo. Na watu si viroba. Nimesikia mara nyingi mno vijana wakiitwa wapande nyuma "ili gari litulie." Mtu aliyesimama kwenye bodi huinua uzito juu, hana cha kumshikilia, na pikapu ikiingia mtaroni yeye ndiye wa kwanza kurushwa. Uzito wa kutuliza gari uwe wa mchanga.

Je, wajua kwamba pikapu nyingi zina kifaa kinachopima mzigo kila unapokanyaga breki? Chungulia chini, karibu na ekseli ya nyuma, kwenye Hilux nyingi za miaka iliyopita. Utaona mkono mwembamba wa chuma ulioungwa kati ya ekseli na fremu. Huo unaendesha vali ya breki za nyuma. Mzigo ukiwa mkubwa, fremu hushuka kuelekea ekseli, mkono unasogea, na vali inaruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu fremu huinuka, vali inabana, na breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo ili matairi hayo mepesi yasigande na kuserereka. Ni akili nzuri sana iliyofichwa kwenye tope na vumbi.

Balaa huja pale fundi anapoombwa aongeze springi ili gari libebe mawe mengi zaidi. Pikapu ikiongezewa vyuma hainami tena. Hata ikibeba tani moja na nusu, fremu imebaki juu, na ule mkono mwembamba unaiambia vali kwamba gari ni tupu. Breki za nyuma zinanyimwa nguvu siku ileile zinapohitajika kuliko siku zote, na breki za mbele zinabeba kazi ya zote. Dereva anahisi tu kwamba "gari halikamati," anabadilisha pedi, anabadilisha mafuta ya breki, na kosa linabaki palepale. Ukiongeza springi, mwambie fundi aurekebishe na mkono huo. Kazi yenyewe ni ndogo. Kinachokosekana ni kujua kwamba upo.

Na mawe hudanganya macho. Bodi ya pikapu ya kabini moja ina ujazo wa takribani mita moja na nusu za ujazo. Ijaze mahindi hadi ukingoni na umebeba zaidi kidogo ya tani moja, jambo ambalo gari linaweza kulivumilia. Ijaze mawe ya dhahabu yaliyopondwapondwa hadi ukingoni na umebeba zaidi ya tani mbili, kwa macho ni ujazo uleule. Kwa mawe, bodi iliyojaa chini ya nusu ndiyo imejaa.

Tuje kwenye tairi lenyewe. Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati mmoja haizidi sana kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne, ndivyo vinavyoshikilia gari, mzigo na watu. Hewa iliyo ndani ndiyo inayobeba uzito, na hilo ndilo alilolifanyia kazi John Boyd Dunlop mjini Belfast mwishoni mwa miaka ya 1880, alipotengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Lilikuwa limeshabuniwa zaidi ya miaka arobaini kabla yake na Robert William Thomson, likasahauliwa. Mahitaji ya mpira yaliyofuata yaliwaumiza watu wengi wa Kongo chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliolazimishwa kugema mpira porini kwa mjeledi na bunduki. Mpira ulio chini ya kila gari una historia hiyo, na sisi majirani wa Kongo tusiisahau.

Kiganja hicho, kwenye lami yenye maji, hufanya kazi ya ajabu. Chukua tairi lenye upana wa sentimita 20, maji ya kina cha milimita 3 tu, mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kila sekunde tairi hilo moja lazima lisukume pembeni lita 13 za maji. Ndoo kubwa ya lita 20 inajaa kwa sekunde moja na nusu! Mifereji iliyochongwa kwenye tairi ndiyo njia ya maji hayo. Tairi likiwa kipara, maji yanakosa pa kupita, yanajikusanya mbele ya tairi kama kabari, na mwisho yanalinyanyua. Gari linaelea. Usukani hauna kazi, breki hazina kazi, na dereva anashangaa ukimya wa ghafla chini yake.

Mhandisi wa NASA, Walter Horne, aliuchunguza ueleaji huo kwenye matairi ya ndege, na mwaka 1963 yeye na mwenzake walichapisha kanuni fupi: mwendo ambao tairi lisiloweza tena kutoa maji huanza kuelea unategemea upepo uliomo. Tukiigeuza kwa vipimo vyetu, tairi lenye upepo wa 32, kwa ile paundi ya mafundi pancha, huelea kwenye karibu kilomita 94 kwa saa. Lenye upepo wa 18 huelea kwenye karibu 71.

Nambari hizo mbili zinamhusu dereva wa Rwamgasa moja kwa moja. Kwenye tope, watu hupunguza upepo ili tairi lilale na kushika eneo kubwa zaidi, na wanafanya vizuri. Lakini tope linaisha, unaingia kwenye lami kuu inayotoka Geita na kupita Katoro, mvua bado inanyesha, barabara ni nyeusi na nyororo, na mguu unajikuta umekandamiza mafuta. Kama hujasimama kujaza upepo, umejishushia mwenyewe mwendo wa kuelea kwa zaidi ya kilomita 20. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri ya gari ingestahili kukaa chini ya kiti cha kila pikapu inayotoka machimboni. Baadaye Horne aligundua jambo jingine lililowahusu wenye malori: gari la mzigo likiwa tupu, kile kiganja chake hufupika, na huelea kwenye mwendo mdogo kuliko likiwa limebeba. Safari ya kurudi tena.

Je, wajua kwamba Wasukuma waliipanga ardhi yao kwa majina ambayo dereva angeweza kuyatumia kama ramani ya utelezi? Udongo mwekundu wa juu huitwa kikungu, mchanga mwepesi wa miteremkoni ni luseni, na chini bondeni, ule mweusi unaonata, ni mbuga, unaolimwa mpunga kwenye majaruba. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliona mpangilio kama huu ukijirudia kilima baada ya kilima Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akaupa jina la katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Leo wanafunzi wa udongo duniani kote hulitumia. Mkulima wa Usukuma alikuwa na majina yake tayari, maana jembe lilishamfundisha.

Kwa tairi, mnyororo huo unasomeka hivi. Luseni ukilowa huwa bora kuliko ukikauka, kwa sababu maji huubana mchanga na kuupa nguvu. Kikungu kilichoshindiliwa na changarawe hubaki kigumu chini, lakini juu yake kuna utando wa vumbi laini, na manyunyu machache huugeuza kuwa sabuni. Mvua kubwa ya saa nzima wakati mwingine hurudisha mshiko, kwani huisafisha sabuni hiyo. Ndiyo maana dakika za mwanzo za mvua, hasa zile za kwanza za vuli baada ya kiangazi kirefu, ndizo mbaya kuliko zote, na kwenye lami pia ni hivyo, ambako mafuta na vumbi vya miezi kadhaa huelea juu ya maji kabla ya kusombwa.

Mbuga haina cha kusamehe. Udongo wake hufyonza maji na kuvimba, hunata kwenye tairi, hujaza mifereji yote mpaka tairi jipya linakuwa kipara cha udongo, kisha hukaba nafasi kati ya gurudumu na bodi. Hapo tairi jembamba lina faida. Land Cruiser nyingi za kazi zinazofika vijijini huvaa tairi la saizi 7.50R16, jembamba na refu, ambalo hukata tope na kutafuta ardhi ngumu chini yake. Matairi mapana yanayopendwa mjini kwa urembo hupanda juu ya tope kama ngalawa. Lakini kama mbuga haina kitu kigumu chini, jembamba nalo litazama mpaka ekseli ilale, na hakuna ujuzi wa usukani utakaosaidia. Huko ni kusubiri jua.

Fowili hupewa sifa isiyo yake. Kweli inasaidia kuondoka na kupanda: ile pikapu yetu tupu, ikisukuma kwa matairi yote manne, ingeweza kupanda mara mbili na zaidi ya mwinuko ule wa kwanza. Lakini kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne, liwe na fowili au lisiwe nayo. Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ule unaoruhusiwa kwenye makazi, lami kavu husimamisha gari kwa takribani mita 14 tangu breki zishike. Lami iliyolowa huchukua kama 25, na tope laini hufika 50. Juu ya hizo ongeza mita 14 zinazopita katika sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki. Fowili haipunguzi hata mita moja ya hizo. Faida yake kubwa isiyosemwa iko kwenye mteremko: ukiwa kwenye gia ya chini, kani ya injini ya kuzuia gari hugawanywa kwa magurudumu yote manne. Bila hiyo, injini huyazuia yale ya nyuma peke yake, ambayo jioni hayana uzito. Na gia ishushwe kabla ya kuanza kuteremka. Ukiishusha katikati ya mteremko kwa ghafla, matairi ya nyuma hukwama sekunde moja tu, nayo inatosha.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na sijapata maelezo mazuri zaidi ya tairi kwenye kona iliyolowa. Mshiko wa tairi ni mmoja. Likiutumia wote kufunga breki, halibakiwi na kitu cha kukata kona. Likiutumia wote kukata kona, breki haipati chake. Kwa hiyo punguza mwendo gari likiwa bado limenyooka, kisha acha breki, kisha geuza.

Kuhusu kununua matairi, mengi yanayouzwa katika miji ya machimbo ni ya mtumba, na mnunuzi hutazama mifereji tu. Tazama pia ubavuni, kwenye msururu wa herufi unaoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kuzaliwa: 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukiwa ghalani, hukakamaa, na mpira uliokakamaa haushiki barabara iliyolowa hata kama mifereji ni mirefu. Kisha tafuta herufi TWI au pembetatu ndogo pembeni, na kwenye mifereji iliyo mkabala nayo utaona vituta vidogo vya mpira. Vina urefu wa milimita 1.6. Tairi likilika hadi kulingana navyo, kwa sheria za Ulaya limekwisha, na kwa mvua za ukanda wa ziwa mimi ningesema lilikwisha kabla ya hapo.

Zile nyufa nyembamba unazoziona kwenye meno ya tairi si uchakavu. Zilikatwa makusudi. Inasimuliwa kwamba Mmarekani John Sipe, aliyefanya kazi kwenye machinjio, alichoka kuteleza sakafuni akazikata soli za viatu vyake kwa kisu, akapewa hataza mwaka 1923. Kingo nyingi ndogo hukwangua maji kuliko uso mmoja mpana. Fundi anayeshona soli za viatu vya wachimbaji angeweza kulijaribu wazo hilo kesho.

Tanzania nayo iliwahi kujitengenezea matairi, kwenye kiwanda cha General Tyre mjini Arusha, kilichozalisha tangu miaka ya 1970 kabla ya kusimama, na mashamba yake ya mpira yalikuwa Kihuhwi, Muheza, na Kalunga, Kilombero. Mpira wa kutengenezea tairi la pikapu ya Rwamgasa uliwahi kuota hapahapa nchini.

Je, wajua, mwisho, kwamba barabara ya udongo huandika kila kitu? Mvua ikikatika, shuka kwenye kona yoyote kati ya machimbo na Katoro utazame chini. Gari linapokwenda sawa, matairi ya nyuma hufuata karibu njia ya yale ya mbele, na hata kwenye kona huvuta kidogo tu upande wa ndani. Nyuma ikiponyoka, mistari ya nyuma huvuka ile ya mbele na kutoka nje ya kona, mipana, imepaka tope badala ya kulichapa. Fuata alama hizo kwa hatua chache. Angalia kama zimezama sana au zimepita juujuu, na utajua kama pikapu hiyo ilikuwa inakwenda kwenye karasha au inarudi.